Vipande vya Kitenge Kwenye Mlango wa Kushoto

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Kama siku ya kikao cha ukoo ningenyamaza na kuinamisha kichwa, jinsi mjane anavyotakiwa, nisingejikuta Alhamisi ile nimelala chali ndani ya gari, miguu nje, bisibisi mdomoni, huku shemeji yangu mkubwa amekaa kwenye kiti cha plastiki hatua tatu kutoka hapo, ananitazama.

Gari lenyewe nilieleze kwanza. Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, jekundu zamani zake, na paa lake la turubai hujikunja lenyewe na kulala nyuma ya viti. Hapa Bunia sikuwahi kuona lingine la namna hiyo. Usukani wake uko kulia, na huku kwetu magari hupita kulia mwa barabara, kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori hana budi kumwuliza abiria wa kushoto kama njia ni nyeupe. Lililetwa kutoka Kampala na mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyedhani kwamba lami ya mjini inafika hadi mlangoni kwake. Siku moja fyuzi iliungua, ile ambayo huku tunaiita fusible, na dereva wake akaweka kipande cha waya mahali pake ili asichelewe. Wiki haikuisha. Nyaya zote za ndani ziliungua, viti vikajaa moshi, na yule tajiri akalileta kwa mume wangu akasema lichukue, sitaki kuliona tena.

Mume wangu alikuwa fundi wa umeme wa magari. Alikwenda sokoni akanunua rola moja kubwa la waya, na rola lile lilikuwa jeusi, kwa sababu siku hiyo sokoni ulikuwa mweusi au hakuna. Akaliwekea gari zima nyaya mpya, zote nyeusi, kutoka kwenye betri hadi taa za nyuma. Ili asizichanganye, kila waya aliufunga kipande cha kitambaa ncha zote mbili, kitambaa cha aina moja huku na huku. Na vitambaa alivitoa wapi? Kwenye vitenge vyangu. Alikuwa akikata upande wa ndani, kwenye pindo, mahali ninapojifunga pasipoonekana. Nilipogundua, nilipiga kelele mtaa mzima wa Bigo ukasikia.

"Unapasua bikwembe yangu juu ya gari?" nilimwuliza, maana huku vitenge tunaviita bikwembe.

"Mama, rangi ya waya nitaisahau," alisema. "Bikwembe yako siwezi kuisahau."

Alijua kunichekesha, lakini siku alipokata kile cha bluu chenye samaki, nilichovaa tulipokwenda kuandikisha ndoa yetu, sikucheka. Nilimnunia siku tatu. Nilimpikia, nikamwekea maji ya kuoga, sikumsemesha. Siku tatu hizo leo zinaniuma kuliko maneno yote mabaya niliyowahi kumwambia.

Gari lilipopona likawa gari la maharusi. Kila Jumamosi tulifungua paa, bibi harusi akakaa juu nyuma na shela lake, tukapita barabara kuu polepole, motari, pikipiki za abiria, zikituzunguka na kupiga honi. Mwanzoni aliendesha yeye, kisha akanifundisha mimi, na mama za maharusi wakanipenda kwa sababu sikuwa nawakodolea macho binti zao kwenye kioo. Tulikula kwa gari lile, tukajenga vyumba viwili kwa gari lile.

Halafu homa ya siku nne ikamchukua.

Kwa desturi ya kwao, Djugu, mjane huvaa nguo nyeusi mwaka mzima. Dada yake alikuja na kikapu akakusanya vitenge vyangu vyote vya rangi, maana mwenye kilio hana kazi navyo, akaenda navyo. Sikupinga. Miezi mitatu baadaye kioo cha mlango wa kushoto kikakataa kushuka. Na katika gari lile paa haliendi popote mpaka vioo vyote viwili viwe vimeshuka. Pampu ya paa husubiri habari kutoka mlango wa kulia na mlango wa kushoto. Mmoja ukinyamaza, pampu nayo inanyamaza. Paa lisilofunguka halibebi bibi harusi, kwa hiyo gari likaingia chini ya turubai uani, nami nikaanza kukaanga maandazi getini.

Ndipo kikao cha ukoo kikakaa kupanga siku ya kuanua matanga, ambayo huku tunaiita kutosha kilio, na kugawa vitu vya marehemu. Shemeji mkubwa, kaka yake mume wangu, anapasua mbao kule Mambasa, na msumeno wake ulikuwa umekosa injini. Alisimama akasema:

"Gari yenye kutembea iko ya mwenye kuitembeza. Gari ya kufa iko ya familia. Ile pale ni ya kufa. Nitachukua moteur."

Najua serikali ina sheria zake za kumlinda mjane. Lakini sheria haiji kukaa nawe kwenye mkeka katikati ya wazee wa ukoo. Damu ilinipanda kichwani nikainuka na nguo zangu nyeusi.

"Haijakufa! Siku ya kutosha kilio nitaenda nayo ku kanisa, paa wazi! Weye utaiona!"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Sawa," alisema. "Ikifika ku kanisa paa wazi, iko yako, hakuna mutu ataigusa. Ikishindwa, lundi ninapakia moteur."

Ibada ilikuwa Jumamosi, na lundi ndiyo Jumatatu yake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilirudi nyumbani nikaondoa turubai juu ya gari. Moyoni nilijua vizuri kwamba katika miaka yote ile ya kutengeneza gari, kazi yangu ilikuwa kushika taa ya kupimia. Ni taa ndogo yenye waya mbili: ukiigusisha mahali penye umeme inawaka, pasipo na umeme inakaa kimya. "Shika hapa, mama. Sasa hapa." Hayo ndiyo masomo yangu yote ya umeme.

Shemeji alifika Alhamisi, siku mbili kabla. Alisema barabara ya Mambasa si ya kuamini, heri mtu awahi. Lakini hakuwa na haja ya kuniambia. Alikuja kulinda asije fundi mwingine akaniletea ujanja. Akaomba kiti, akakiweka uani, akakaa.

Nilikuwa na fyuzi tatu. Mume wangu aliziacha kwenye kopo la maziwa, fyuzi za trente, yaani za ampea thelathini, za umbo la zamani ambalo maduka ya Mudzipela hayana tena. Nilizunguka yote, na kila muuzaji alinionyesha zile ndogo za siku hizi. Kwa hiyo fyuzi tatu, na nafasi tatu.

Niliweka ya kwanza mahali pa ile iliyoungua siku kioo kilipogoma. Nikawasha kontakti, yaani ufunguo bila injini, nikabonyeza kitufe cha kioo cha kulia, kikashuka bila shida. Nikabonyeza cha kushoto. Nikasikia mlio mdogo, tak, na kioo cha kulia nacho kikafa. Nilipochomoa fyuzi, utepe wake wa ndani ulikuwa umekatika na kuacha doa jeusi.

"Moja," alisema shemeji kutoka kwenye kiti chake.

Nilifungua mlango wa kushoto. Skrubu sita, mbili zimeshika kutu, na ubao wa ndani ulipotoka ulivunja vishikizo vyake vya plastiki. Nikaazima fyuzi ya pili kwa kupimia tu, bila kugusa kitufe cha kushoto, nikagusisha taa kila mahali ndani ya mlango: hakuna umeme. Nikagusisha upande wa bodi, chini ya zulia la miguu, taa ikawaka, nikaichomoa fyuzi haraka. Basi umeme unafika kwenye bodi, hauvuki kuingia mlangoni. Katikati kuna bomba la mpira, pale kwenye bawaba, ambamo nyaya hupita. Nililivuta likatoka na punje za mahindi, manyoya na vipande vya karatasi. Panya walikuwa wamefanya nyumba. Waya nne zilikuwa zimetafunwa zikakatika, shaba iko nje, imegusa chuma. Nilifurahi nikalaani kwa wakati mmoja, maana ubaya sasa niliuona kwa macho, na fyuzi yangu ya kwanza niliitupa bure. Ningefungua mlango kabla ya kuiweka.

Kazi iliyobaki ilionekana nyepesi: kuunga waya nne, kila ncha ya bodi na mwenzake wa mlangoni. Nikatafuta vitambaa.

Upande wa bodi, chini ya zulia, vilikuwa vizima kabisa. Kijani chenye ndege. Cha njano chenye vipepeo. Chekundu chenye funguo. Na cha bluu chenye samaki, kile kile. Niliviangalia muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha nikageukia upande wa mlango, moyo ukanishuka. Mlango ule unavuja. Miaka ya mvua na jua ilikuwa imevifua vitambaa mpaka vikabaki rangi ya unga wa muhogo. Cha kijani tu ndicho nilikitambua, kwa sababu ubawa mmoja wa ndege ulikuwa umesalia. Vitatu vilivyobaki vilikuwa vyeupe, vyeupe, vyeupe.

Wa njano ndio uliokuwa na umeme upande wa bodi, hilo taa iliniambia. Lakini mlangoni wenzake walikuwa watatu wasio na sura. Niliunga waya mmoja wa taa kwenye betri, nikagusisha wa pili kila ncha ya mlangoni, ikawaka kwenye zote tatu. Mume wangu angetazama mng'ao akajua. Mimi niliona taa imewaka, basi.

Ijumaa asubuhi nilimwita fundi mmoja wa Mudzipela, kijana mwenye mashine ya kuchaji betri, kwa sababu betri yangu ilikuwa inachoka, na kwa betri tu shemeji alikubali. Alichungulia mlangoni, akachungulia na kisanduku cha fyuzi.

"Mama, juu ya nini unateseka?" alisema. "Weka kawaya mu nafasi ya fusible, mambo inaisha. Siye wote tunafanyaka vile."

"Ndio maana magari inaunguaka," nilimjibu.

Akacheka kwa heshima, kama mtu anavyocheka mbele ya mama mwenye kilio, akaketi pembeni kusubiri.

Niliposhika zile ncha tatu, niliamua kutumia vidole. Kitenge cha njano kilikuwa kizito kuliko vingine, nilikumbuka uzito wake mgongoni. Nikapapasa kile kinachoonekana kizito, nikakiunga na cha njano, nikakunja shaba vizuri, nikazungusha utepe wa skochi. Fyuzi ya pili. Kontakti. Sikuwahi hata kubonyeza kitufe. Tak.

"Mbili," alisema shemeji.

Nilitoka kwenye gari lile na bisibisi mkononi.

"Uhesabu miti yako ya Mambasa, usihesabu fusible yangu!"

Fundi aliangalia chini. Shemeji hakuinua sauti.

"Shemeki, usikasirike. Bwana yako ndiye alikuwa mufundi. Weye ulikuwa unashika tu taa."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma. Niliingia jikoni nikalia na mlango umefungwa. Zilibaki ncha mbili na fyuzi moja. Nikipatia, nitaendelea kula jasho langu. Nikikosea, nitakaanga maandazi mpaka nizeeke, na kila siku nitapita penye tundu tupu ambamo injini ilikuwemo. Niliogopa. Sikuwahi kuogopa namna ile hata siku tuliyokimbia risasi, maana siku ile tulikimbia wawili.

Mchana mawingu yalianza kukusanyika upande wa milima. Motari ikasimama getini ikamshusha wifi yangu, yule dada wa marehemu, amekuja kupikia watu wa kesho. Nilitoka jikoni kumpokea, nikamwona, nikasahau hata salamu. Kiunoni alikuwa amejifunga kitenge changu cha njano chenye vipepeo. Kichwani, chekundu chenye funguo. Na mzigo wake wa sufuria ulikuwa umefungwa kwa kile cha bluu chenye samaki.

Mwaka mzima mimi na nyeusi, yeye anabebea sufuria zangu za ndoa! Sitasema maneno yaliyonijia, maana wengine watasoma haya nao ni wa ukoo. Nilifungua mdomo nimtukane, macho yangu yakaanguka kwenye pindo la kitenge cha njano, pale goti lake lilipolisugua mwaka mzima. Rangi ilikuwa imetoka kabisa. Ilibaki nyeupe, lakini ndani ya weupe ule kulikuwa na mistari myembamba ya rangi ya kahawia, kama mishipa kwenye mkono wa mzee.

"Simama hapo! Usitembee!" nilimwambia.

"Nimefanya nini?"

"Kuya ku gari. Na ile ya kichwa, toa. Na ile ya mzigo."

"Weye unanivua mu lupango, mbele ya wanaume?" alipiga kelele katikati ya ua, sufuria zikaanguka.

Shemeji aliinuka kwa mara ya kwanza. "Wanamuke, munapigania bikwembe, na kilio haijatoka?"

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya wifi yangu, pindo lake mkono mmoja, ncha ya waya mkono wa pili, nikizilinganisha kwenye mwanga. Mishipa ya kahawia ilikuwa kwenye kipande kimoja tu kati ya vile vitatu, na si kile nilichokichagua asubuhi. Chekundu kilipochakaa kilibaki na wekundu kidogo ndani ya nyuzi, ukikivuta. Na cha bluu, nilikumbuka sasa huku nikijiona mjinga, hakikuwa kimechapwa upande wa nyuma. Kilikuwa cha bei nafuu, tulikuwa maskini siku ya kuandikisha ndoa. Nyuma kilikuwa cheupe tangu dukani, laini kama kipande kile cha tatu.

"Anaona bwana yake," wifi alimnong'oneza shemeji, akaacha kupiga kelele.

Matone ya kwanza yalianguka. Mlango ulikuwa wazi, nyaya nje, na maji yakiingia kwenye zile shaba kesho yangu ingeharibika hapo hapo. Kamba yangu ya kuanikia nguo ilikuwa kipande cha mwisho cha lile rola jeusi. Nikaikata kwa pensi ya kukatia waya, nikatoa urefu wa kurudishia pale panya walipokula. Lakini mikono yangu ilikuwa miwili tu.

"Shemeki," nilisema bila kugeuka, "shika taa."

Nilidhani atanicheka. Badala yake nikasikia akisukuma kiti kando. Alikuja akaishika ile taa kwa vidole vyake vinene vya mpasua mbao, akavua koti lake kwa mkono mwingine, akalitandaza juu ya mlango ili mvua isiingie.

"Gusa hapa," nilimwambia. "Sasa hapa."

Tulifanya hivyo mpaka nyaya nne zikaungwa. Koti lake lililowa chepechepe na yeye hakulalamika. Fundi akaifungua betri, akaipakia kwenye motari kwenda kuichaji, akaapa kuirudisha kesho mapema. Kwa hiyo sikuweza kujaribu. Fyuzi ya tatu ilibaki ndani ya kopo.

Jumamosi, jua halijapanda, wanawake walinitoa nguo nyeusi, wakaniogesha, wakanivika kitenge kipya cha rangi ya machungwa chenye maua meupe. Ibada ilikuwa saa tatu. Saa mbili ukoo mzima ulikuwa umejaa uani, kuanzia getini hadi jikoni, na fundi hajaonekana. Saa mbili na robo, hakuna. Nilisimama karibu na gari na nguo zangu mpya, kila mtu ananitazama halafu anatazama saa. Saa mbili na nusu motari ikaingia, fundi amekumbatia betri.

Alikimbilia kuifunga. Nami, sijui kitu gani kilinituma, nikainama kutazama kisanduku cha fyuzi kabla ya kugusa ufunguo. Mahali pa fyuzi ya trente paling'aa kipande cha waya wa shaba.

"Ni weye ulitia hii?"

"Mama, nilitia jana mbele ya kutoka," alisema, uso wote nia njema. "Nilikuwa nakulindia fusible yako ya mwisho!"

Ningalikuwa nimekosea waya mmoja tu, ningaliungua pale ndani na kitenge changu kipya, mbele ya ukoo. Nilikichomoa kile kipande nikakitupa juu ya ukuta. Nikafungua kopo. Fyuzi ikaniponyoka ikaanguka kwenye zulia, nikaitafuta kwa kupapasa, nikaiweka. Kontakti.

Hakuna mlio.

Kitufe cha kulia: kioo kikashuka. Kitufe cha kushoto: kimya. Nilihesabu moyoni, moja, mbili. Kisha kioo kikashtuka, kikalia kwa kutu, kikaanza kushuka kidogo kidogo mpaka kikazama chote. Mtu mmoja alipiga kigelegele, wengine wakamnyamazisha, maana paa lilikuwa bado.

Nikabonyeza cha paa. Pampu ikaunguruma. Turubai likainuka, likasimama wima juu ya kichwa changu, nusu ya safari, na pampu ikalegea sauti, ikanyamaza. Nilibonyeza tena. Hakuna. Nilimwona shemeji anasogea mbele ya watu, akafungua mdomo, nikajua atasema tatu.

"Moteur, shemeki," alisema. "Ndugu yangu alikuwa anawashaka moteur mbele ya kufungua. Nilipanda naye siku moja. Baterie peke yake haina nguvu."

Nilisahau. Miaka yote ile nilikaa kando ya mume wangu nikamwona akiwasha injini kwanza, nami nikasahau. Nilizungusha ufunguo. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikawaka, uani pakajaa moshi wa mwaka mzima, nikakanyaga mafuta nikabonyeza kitufe. Paa lilipita juu, likajikunja, likalala nyuma ya viti mahali pake, na jua likaniangukia kichwani.

Nililia waziwazi. Wifi alilia pia. Shemeji aliwageukia wazee wa ukoo, na sauti yake haikuwa imara.

"Gari yenye kutembea iko ya mwenye kuitembeza. Nilisema mi mwenyewe. Imeisha."

Akazunguka akafungua mlango wa kushoto ili akae. Alipoufungua nikaziona zile waya nilizorudishia jana, pale kwenye bomba la mpira. Nyeusi, zimezungushwa skochi, na mmoja wao, ule wa umeme, kipande chake cha kitambaa kilikuwa kimeoza, kimebaki uzi. Waya usio na alama ni mtego kwa atakayekuja baada yako. Mume wangu alisema hivyo kila siku.

"Nipatieni makasi," nilisema.

Wifi alileta makasi akidhani ni ya uzi. Nilishika kitenge changu kipya cha kutoka kilioni, nikakikata.

"Unapasua kikwembe mupya!" alipiga kelele. "Leo leo! Juu ya gari!"

Nilisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya kinywa chake. Nilifunga kipande kimoja upande wa bodi, kingine upande wa mlango, nikakaza fundo mara mbili. Kisha nikaendesha mpaka kanisani, paa wazi, mchana kweupe, na shemeji kushoto kwangu akinishika mkono njia ikiwa nyeupe kila tulipotaka kulipita lori. Njiani alibonyeza kitufe cha kioo, juu, chini, juu, chini, mpaka nikamkemea.

"Usichezee, shemeki. Hatuna fusible ingine."

Akatoa kidole.

Mchungaji alipomwita mjane aje mbele, nilikwenda. Kitenge changu kilikuwa kimekatwa upande wa nje, mbele, mahali ambapo kila mtu alipaona. Sikupafunika kwa mkono.